Katriji zimeisha Mtwara: kuibadilisha filta ya tangi la samaki kwa vitu vya hapa hapa

Msomaji wetu wa Ligula, Mtwara mjini, ameuliza hivi:

«Shikamoo mtaalamu. Nina tangi la lita 100 sebuleni, ndani kuna gapi, moli na samaki wawili wa dhahabu. Filta yangu ni ile ya kuning'inia mgongoni mwa tangi, niliinunua Kariakoo pamoja na katriji za akiba. Sasa zimeisha na hapa Mtwara sizipati. Halafu kuna jambo linanisumbua: kila nikibadilisha katriji, baada ya siku mbili tatu maji yanapauka meupe na samaki wanapumulia juu. Mara ya mwisho wamekufa moli wanne. Fundi mmoja anasema ninunue pampu yenye nguvu mara mbili. Jirani anasema nijaze mkaa na matumbawe. Mimi nataka kuibadilisha filta mwenyewe kwa vitu vinavyopatikana hapa. Nianzie wapi? Na umeme ukikatika nifanyeje?»

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa msiba wa moli.

Pampu usinunue. Hebu isome tena barua yako taratibu: samaki wako hawafi katriji, kile kitambaa chenye mkaa ndani kinachochuja maji, ikiwa imechakaa na kuchafuka, wanakufa ikiwa mpya. Kwa hiyo tatizo haliko kwenye nguvu ya maji. Liko kwenye kile unachokitupa.

Wengi tunaiona filta kama chekeche la kunasa uchafu. Kunasa uchafu ni kazi yake ndogo. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu, na kinyesi na chakula kilichobaki vikioza huongeza nyingine. Amonia ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na wewe huipunguza unapobadilisha maji. Kwa miaka mingi vitabu vilisema kazi hii ya pili hufanywa na Nitrobacter. Mwaka 1998 watafiti walionyesha kwamba kwenye matangi ya samaki wanaoifanya ni Nitrospira. Kwetu sisi wafugaji jina si hoja. Hoja ni kwamba bakteria hawa hawapendi kuelea. Hujishikiza kwenye kitu, na katika tangi dogo kama lako wengi wao hukaa kwenye katriji, kwa sababu hapo ndipo maji yenye chakula chao na hewa yanapopita muda wote.

Ukiitupa katriji umewafukuza wapangaji wote kwa siku moja, na nyumba mpya huchukua kati ya wiki 4 na 6 kujaa tena. Huku kwetu kwenye joto hujaa mapema kidogo, lakini si kwa siku mbili. Katikati ya hapo amonia inapanda. Ule weupe ni bakteria wa aina nyingine kabisa, wanaokula mabaki yanayooza na kuzaliana majini kwa wingi, nao wanavuta hewa. Kumbuka pia kwamba maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba 7 na nusu tu. Mwezi wa Januari sebuleni Mtwara samaki wako hawana akiba ya kuchezea. Ndiyo maana wanapanda juu.

Maelekezo ya kwenye boksi yanayosema ubadilishe katriji kila mwezi yana sababu yake: mkaa uliomo ndani huwa umeshajaa. Na aliyeyaandika ndiye anayeuza katriji.

Basi marekebisho unayoyahitaji ni kuifanya filta hiyo hiyo isitegemee kitu cha kutupwa. Kazi yenyewe ni ya alasiri moja.

Kabla ya kisu na mkasi, chomoa waya ukutani. Sio kuzima swichi, kuchomoa. Sehemu ya mota usiifungue wala kuitoboa. Imezibwa ili maji yasifikie umeme, na ukiitoboa hakuna gundi ya dukani itakayoirudisha ilivyokuwa. Unachoruhusiwa kutoa ni propela ndogo yenye sumaku, uisafishe utelezi pamoja na tundu lake. Filta nyingi zinazosemwa zimepungua nguvu hupona hapo tu. Na utakapochomeka tena, waya uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteremka kwenye waya lidondokee sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi.

Sasa toa ile katriji. Kwenye nafasi yake utaweka sponji. Nenda kwa fundi makochi umwombe vipande, lakini usichukue kila atakachokupa. Sponji laini ya godoro ina matundu madogo mno. Itaziba ndani ya wiki na maji yatatafuta njia nyingine. Tafuta ile yenye matundu unayoyaona kwa macho. Iweke mdomoni upulize: hewa ikipita bila kukulazimisha kutunisha mashavu, inafaa. Iliyonuka dawa au gundi iache. Kata kipande kiwe kipana kuliko nafasi yake kwa milimita 3 hadi 5, kikae kwa kubana. Kikilegea pembeni maji yatapita kwenye mwanya, na utakuwa na filta inayozunguka vizuri bila kuchuja chochote.

Nyuma ya sponji, upande maji yanakotokea kurudi tangini, weka mfuko wenye vipande vigumu vyenye vinyweleo. Hapa Mtwara ningetumia tofali la kuchoma lililoiva vizuri, au vigae vya chungu kipya kilichovunjika. Chungu kilichopikiwa usikitumie, kimekunywa mafuta. Ponda upate vipande vya sentimita 1 hadi 2, chekecha vumbi lote, osha mpaka maji yatoke safi, chemsha dakika kadhaa. Kipande kinachomeng'enyuka kidoleni hakijaiva, kitageuka tope. Mfuko wenyewe ni wavu wa vitunguu, ule wa plastiki. Ukiona matundu yake makubwa, ukunje mara mbili.

Angalia kitu kimoja kwenye kisanduku: filta nyingi za aina hii zina ukingo au uwazi wa kupitisha maji ya ziada kurudi tangini sponji ikiziba. Usiujaze wala kuuziba kwa kutaka kila tone lichujwe. Ukiuziba, siku sponji ikijaa uchafu maji yatarudi kinyumenyume na kumwagikia sakafuni, na hilo halitangojea uwe nyumbani.

Kisha vika sponji nyingine kwenye mdomo wa mrija unaovuta maji. Toboa kipande cha mviringo katikati kwa kisu chembamba, kisukume kiingie kwa kubana. Hiki ndicho kipande nikipendacho kuliko vyote, maana uchafu mkubwa unanaswa kabla haujafika ndani, na watoto wa gapi hawavutwi kwenda kusagwa. Ukikikamua kila wiki, sponji ya ndani unaweza kukaa miezi bila kuigusa. Mkondo wa maji utapungua kidogo. Sawa tu. Kwa tangi lako lita 400 hadi 600 kwa saa zinatosha, na namba iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi hupimwa filta ikiwa tupu. Pampu ya fundi wako ingewachosha gapi wenye mikia mirefu, wakashinda wamejibanza kona.

Ukilazimika kugundisha kitu, tumia silikoni isiyo na dawa ya kuua ukungu. Zile za bafuni nyingi zina dawa hiyo, na inayoua ukungu huua na samaki. Acha ikauke siku mbili. Shaba, waya wa mabati na steel wool ya kusugulia masufuria visikaribie maji.

Sasa kwa jirani yako. Kuhusu mkaa amesema nusu. Mkaa unaowekwa kwenye katriji umetengenezwa maalumu kwa mvuke au kemikali ili uwe na vinyweleo vingi mno. Mkaa wa jikoni haufiki hata karibu. Na hata ule maalumu hauondoi amonia. Unaondoa rangi, harufu na mabaki ya dawa, basi. Kwa hiyo huhitaji mkaa wa kudumu. Wa vifuu vya nazi ukiuosha vizuri hauna madhara, ila nafasi unayoupa ni nafasi unayowanyima bakteria. Onyo moja la kwetu: kwa kuwa korosho zimejaa, mtu anaweza kufikiria kutumia maganda yake, yawe makavu au ya kuchoma nusunusu. Usithubutu. Maganda ya korosho yana yale mafuta makali yanayobabua mikono ya wabanguaji. Ndani ya tangi yatakuwa sumu.

Matumbawe ndiyo yenye maneno mengi. Kipande cha tumbawe lililokufa ni chokaa tupu. Ukidondoshea siki kinachemka povu. Ndani ya maji kinayeyuka polepole, kinapandisha ugumu na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji: ikipanda, uasidi umepungua. Kwa samaki wa Ziwa Nyasa, wale mbuna wanaotoka Mbamba Bay, ni kitu kizuri sana, na moli na gapi nao wanapenda maji magumu. Tatizo ni wakati. Maji yakiwa na pH 7 na joto la nyuzi 28, amonia iliyo katika hali ya sumu kali ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote. pH ikifika 8, inakuwa karibu asilimia 7. Amonia ni ile ile, lakini ukali umepanda mara 9 hivi. Mtu mwenye tangi lililopoteza bakteria wake, kama wewe leo, akitupia matumbawe mengi kwa mpigo anaigeuza shida ya kuvumilika kuwa msiba. Ngoja tangi litulie kwanza, kisha ukitaka weka konzi moja kwenye ule wavu. Na kama maji yako ni ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, hayahitaji nyongeza yoyote; tayari ni magumu.

Pa kuyatoa napo pana adabu yake. Usivunje tumbawe hai, na usiende kuokota upande wa Msimbati, huko ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Mikindani kuna kuta za zamani za mawe ya matumbawe. Nyumba ikibomoka kwa umri wake, omba kipande kwa mwenyewe. Chagua kisicho na rangi wala saruji, kiloweke kwenye maji baridi ukiyabadilisha kwa siku kadhaa ili chumvi itoke.

Umeme. Hapa ndipo filta ya kuning'inia inapoonyesha udhaifu wake. Ikisimama, maji ya ndani ya kile kisanduku yanabaki yametuama na kundi zima la bakteria, nao wanamaliza hewa iliyomo kwa saa chache. Wakifa wanaoza, na umeme ukirudi uozo wote unasukumwa tangini. Kwa hiyo kukatika kukizidi saa 3 au 4, toa sponji na ule mfuko wa vigae uviweke ndani ya tangi lenyewe, karibu na uso wa maji. Umeme ukirudi, mwaga maji ya kisandukuni, kijaze maji mapya ya tangi kwa kikombe, ndipo uwashe. Kujaza ni muhimu: mota hizi hupozwa na maji, ikianza kuzunguka kavu utaisikia ikikwaruza, na ukiiacha hivyo usiku mzima inaungua.

Lakini dawa ya kweli ni kuwa na filta ya pili isiyotegemea umeme wa ukutani. Chukua kipande kinene cha sponji ile ile, ukubwa wa ngumi mbili, kitoboe katikati kwenda chini, ingiza bomba la PVC la nusu inchi ulilolitoboa matundu kwenye sehemu iliyozama ndani ya sponji. Juu bomba lifike karibu na uso wa maji. Pitisha mpira mwembamba wa hewa ndani ya bomba ufike karibu na chini. Mapovu yakipanda yanabeba maji, na maji mengine yanaingia kupitia sponji kujaza nafasi. Funga jiwe chini ili isielee. Hakuna propela wala cha kuungua ndani ya maji.

Pampu ya hewa nunua ile ndogo ya kuchomekwa kwenye chaja ya simu. Ikiwa ni ya wati 2, pawabenki ya mAh 10,000 itaiendesha zaidi ya saa 10. Ijaribu kabla ya siku ya shida, kwa sababu baadhi ya pawabenki hujizima zikiona kitu kinachovuta umeme kidogo. Pampu ikae juu kuliko uso wa maji. Ikikaa chini na hewa ikikatika, maji yatarudi kwenye mpira hadi kwenye pampu na hadi mezani. Na iendeshe siku zote, usiihifadhi kwa ajili ya giza. Sponji isiyopitiwa na maji kila siku haina bakteria, ni sponji tu.

Siku ukipata pampu ndogo ya kuzamisha, kuna muundo ambao binafsi nauona ndio bora kwa miji yetu. Chukua kontena la plastiki la chakula lenye kina, toboa matundu mengi kwenye kitako kwa msumari wa moto, lijaze vigae na sponji juu yake, liweke juu ya tangi likiwa limeegemea ukingo. Pampu inapandisha maji, yanamwagika juu ya sponji, yanachuruzika kati ya vigae na kurudi tangini kama mvua. Mwisho wa mpira uwe juu ya sponji, usizame. Umeme ukikatika maji yote yanashuka yenyewe, hakuna mafuriko, na bakteria wanabaki kwenye unyevu na hewa tele, kwa hiyo wanavumilia muda mrefu zaidi kuliko wale walionaswa kwenye maji yaliyotuama. Unaponunua pampu hiyo, angalia kimo kilichoandikwa: pampu ya mita 1 kwenye mita 1 haitoi hata tone, hicho ndicho kikomo chake. Chukua yenye kimo angalau mara mbili ya unachohitaji.

Kuhama kutoka katriji kwenda sponji kufanyike taratibu. Katriji uliyonayo sasa, hata kama imechoka, usiitupe. Kata kile kitambaa chake, mwaga mkaa uliomo, kitambaa kibanane na sponji mpya ndani ya kisanduku kwa wiki 6. Baada ya hapo kiondoe. Kuanzia siku hiyo hutanunua tena kitu. Utaosha tu, na kuosha ni kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, kamua mara tatu nne yaliyo machafu yatoke, basi. Maji ya bomba yenye klorini yanawaua bakteria wale wale unaowatunza. Sponji ya mdomoni na ya ndani zisioshwe siku moja, na vigae viache kabisa isipokuwa vimejaa matope.

Kwa sasa hivi, wakati maji bado meupe: acha kulisha siku 2. Samaki wakubwa hawafi kwa njaa ya siku 2, ila amonia itashuka. Badilisha robo ya maji kila siku mpaka yatakate, kwa maji yaliyokaa kwenye ndoo wazi saa 24 ukiyakoroga mara kwa mara ili klorini itoke, au tumia matone ya kuondoa klorini ukiyapata. Na weka chumvi, gramu 1 kwa lita, yaani gramu 100 kwa tangi lako, chumvi ya mawe ya kawaida iliyoyeyushwa kwanza pembeni. Kloridi iliyomo kwenye chumvi hushindana na nitriti kuingia kwenye mashavu ya samaki, na hiyo inawaokoa wakati bakteria wanajijenga upya. Moli na gapi hawana shida nayo, hata hao wa dhahabu watavumilia. Ukibadilisha maji, ongeza chumvi ya yale maji mapya tu.

Moli wengine usinunue kwanza. Wale wawili wa dhahabu peke yao wanachafua kuliko gapi wote kwa pamoja, na wakikua lita 100 zitawabana. Ukipata mwenye bwawa dogo wa kumpa, wape. Maji yakikaa angavu wiki 3 mfululizo bila samaki kupumulia juu, ongeza moli wawili, ngoja wiki 2, ndipo wawili wengine.